Bustani ya wanafunzi wetu hufa kila likizo: nipande nini?

Mwalimu wa Kano, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4 katika shule ya msingi ya umma kwenye nyanda za Kano, mashariki mwa mji wa Kisumu. Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao mwezi wa Aprili hung'ang'ania viatu hadi mtu akavivua, na ifikapo Januari hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nyuma ya madarasa tuna kipande cha ardhi cha hatua thelathini kwa ishirini, na kwa kuwa mtaala wa umilisi unatutaka tufundishe kilimo kwa vitendo, kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikijaribu kukigeuza kiwe bustani ya wanafunzi.

Mwaka wa kwanza tulipanda sukumawiki mwezi wa Februari, tukaimwagilia kwa maji ambayo watoto waliyabeba kutoka nyumbani, nayo ikanawiri. Mvua kubwa ikashuka wakati wa likizo ya Aprili, na tuliporudi tulikuta dimbwi na mashina yaliyooza. Muhula wa pili tulipanda tena, na katika likizo ya Agosti mbuzi wa jirani wakapata mwanya kwenye ua. Ile tuliyoiacha mwezi wa Oktoba ilistahimili hadi mvua za vuli zilipokatika, kisha hapakuwa na mtu wa kuitazama, nasi tukafungua shule Januari tukiwa na vijiti.

Hata hivyo, linaloniumiza zaidi ni kwamba watoto wenyewe hawaipendi kazi hiyo, wala siwezi kuwalaumu. Katika shule niliyosomea mimi, aliyechelewa alikabidhiwa jembe, aliyepigana alionyeshwa kisiki akichimbue, na aliyekuwa mwema aliketi darasani. Hadi leo baadhi ya wenzangu huniletea wakosaji bustanini "wakusaidie kidogo". Mzazi mmoja aliniambia kikaoni, mbele ya watu, kwamba hakumleta mwanawe shuleni kulima, kwani kulima anaweza kumfundisha mwenyewe bila kununua sare.

Naomba mnishauri nipande nini kinachoweza kuvumilia likizo, na nifanye nini ili watoto na wazazi waione bustani kuwa yao. Aidha, ningependa kujua mahali karibu na Kisumu ambapo darasa au familia inaweza kwenda kutazama viumbe bila kukodi basi kwa gharama kubwa. La mwisho: nimeambiwa tuvute magugu maji ziwani tuyafanye mboji. Je, ni jambo la busara?


Mwalimu Mstaafu, Shinyalu

Mwalimu, pole. Nimefundisha shule za msingi za Kakamega kwa zaidi ya miaka thelathini, na bustani zilizonifia ni nyingi kuliko zako, kwa hiyo usione haya.

Kosa lako la kwanza, ukiniruhusu kusema kama mzee, ni sukumawiki. Mboga hiyo hukaa kitaluni takriban mwezi mmoja, kisha hungoja mwezi mwingine au zaidi baada ya kupandikizwa ndipo ichumwe, ilhali muhula mzima una majuma kumi na tatu hivi. Mtoto wa miaka tisa hawezi kungoja kiasi hicho bila kuanza kuamini kwamba hakuna kitu kitakachotokea. Anza na kunde. Huota kwa siku tatu hadi tano, na baada ya majuma matatu au manne majani ya kwanza yako tayari. Inapokaribia kutoa maua, mwagilia sehemu moja, ng'oa mmea mmoja taratibu, osha mizizi ndani ya beseni, kisha waonyeshe watoto vile vinundu vidogo vilivyoning'inia. Kila mmoja apasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa nitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Nimekutana na watu wazima ambao wamesahau kila nilichowafundisha isipokuwa vinundu vya kunde.

Kuhusu sagaa, ambayo sisi huiita tsisaka na Wajaluo huiita dek, kuna siri moja ambayo imewafanya walimu wengi kumlaumu muuza mbegu bila sababu. Mbegu iliyovunwa karibuni hulala. Ukiipanda mwezi huohuo, chache sana zitaota. Inahitaji kuhifadhiwa miezi kadhaa mahali pakavu. Kwa kalenda ya shule hilo ni jambo zuri, kwa sababu watoto wanaweza kukusanya mbegu mwezi wa Oktoba, wakazifunga ndani ya karatasi na kuziandika majina yao, kisha wakazipanda mvua za masika zinapoanza. Mrenda nao, yaani apoth kwenu na murere kwetu, una mbegu yenye ganda gumu. Zifunge katika kitambaa chepesi, uzichovye kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, uzitie kwenye maji baridi, halafu upande.

Nani atawafundisha watoto mambo haya? Si wewe. Mwite dani, yaani nyanya, wa mmoja wao, kwetu tungesema kukhu, aje na mbegu zake za kibuyuni akae chini ya mti awaeleze. Yule mzazi aliyekusema kikaoni atanyamaza siku atakaposikia kwamba mama yake mzazi alikuja shuleni akaitwa mwalimu. Waambie pia kwamba mboga hizi ambazo watu wa mjini walizidharau kama magugu zimemshughulisha Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kwa miaka mingi ya utafiti.

Sasa likizo. Usipande kitu kinachohitaji mlinzi. Shule inapofunguliwa kwa muhula wa pili, udongo ukiwa bado na maji, inua matuta na upande marando ya viazi vitamu. Yatatandaa, yatafunika ardhi yasiache nafasi kwa magugu, yatapita likizo ya Agosti bila kumsumbua mtu, na mwezi wa Septemba mtachimba viazi. Mbuzi watayala majani wakiingia, sikatai, lakini kilicho ardhini kitabaki. Na ile kona inayogeuka dimbwi, usishindane nayo. Ipandie nduma, ambazo hupenda miguu iwe majini na huchukua miezi sita au zaidi kukomaa. Udongo huo unaoulaani ndio uleule unaokuza mpunga wa Ahero.

Kwa rutuba, tazama ua wa njia yoyote ya huko kwenu uone yale maua ya manjano yanayofanana na alizeti ndogo, ambayo Wajaluo huyaita maua makech kwa uchungu wake. Majani yake yana nitrojeni na potasiamu kwa wingi. Yakatekate, uyachanganye na udongo wiki moja kabla ya kupanda, au uyaloweke kwenye pipa kwa majuma mawili ukiyakoroga, kisha uyazimue kwa maji na kumwagilia. Harufu yake itawafurahisha watoto kuliko itakavyokufurahisha wewe.


Mama wa Watatu, Nakuru

Namheshimu sana mzee wa Shinyalu, lakini kuhusu sukumawiki sikubaliani naye. Watoto hupanda kwa moyo kile wanachokiona kwenye sahani, na katika nyumba nyingi za kupanga hapa Nakuru sahani hiyo ina sukumawiki siku nne kwa wiki. Tatizo ni pale mnapoipanda.

Shule ya watoto wangu haina shamba hata la hatua tano, kwa hiyo tulianza na magunia. Mnachanganya udongo na mboji au samadi iliyooza vizuri (samadi mbichi isiguse mboga za watoto kamwe). Mnasimamisha mkebe wa kilo mbili, usio na kifuniko wala kitako, katikati ya gunia, mnaujaza kokoto, mnazungushia udongo, kisha mnauvuta mkebe juu na kurudia hadi gunia lijae. Mwishoni mnabaki na nguzo ya kokoto katikati, na maji mnayomwaga juu yake hufika hadi chini badala ya kulowesha sehemu ya juu tu. Mnatoboa ubavuni, mnapachika miche, na gunia moja hubeba miche thelathini au zaidi. Gunia haliwezi kuzama kwenye dimbwi la Kano, Mwalimu, mkiliinua juu ya mawe.

Kwa likizo tulifanya jambo jingine. Kila watoto wawili wana ndoo kuukuu ya lita ishirini iliyotobolewa chini, na siku ya kufunga shule ndoo hiyo huenda nyumbani kwa mmoja wao. Hurudi siku ya kufungua. Nyingine hurudi na udongo mtupu, nyingine hurudi na pilipili ambayo mama ameongeza, na mwaka jana moja ilirudi na kuku aliyekuwa ameatamia ndani yake. Wazazi wanaolalamikia kilimo cha shuleni hukutwa wakinyunyizia ndoo jioni bila kuambiwa na mtu.

Hata hivyo, ndoo zisingesaidia kitu kama tusingeshughulikia lile jambo la adhabu. Sisi wazazi tuliwauliza watoto kwa nini hawataki bustani, tukidhani watasema jua au matope. Mmoja akasema: "Mboga zikikomaa, zinaenda ofisini." Ilikuwa kweli. Watoto walimwagilia, walimu wakafungasha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ilikuwa desturi tu, lakini mtoto anayebeba mtungi na kisha kumwona mtu mwingine akiondoka na mfuko wa mboga amefundishwa somo ambalo halimo katika mtaala wowote. Tulikubaliana kikaoni, na ikaandikwa, kwamba mavuno ya kwanza ya kila zao yataliwa na watoto waliolipanda, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayepelekwa bustanini kwa kosa lolote. Majembe marefu ya watu wazima yaliondolewa pia, tukawatafutia yale madogo ya mpini mfupi, maana mtoto anayeshika jembe linalomshinda urefu anaadhibiwa hata kama hakuna aliyetamka neno adhabu.

Kwa wasomaji wa huku Nakuru, msidhani kwamba kutazama viumbe ni lazima uingie mbugani kwa gari. Hyrax Hill iko kando ya mji, ina jumba dogo la makumbusho, na juu ya miamba yake kuna bao lililochongwa na watu wa kale. Wanangu walihesabu vishimo vyake wakabishana kuhusu sheria za mchezo kwa saa nzima. Jina la kilima hicho linatokana na pimbi. Kuhusu ziwa, mweleze mtoto kwa nini heroe wamepungua: maji yamepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, chumvi na magadi yakazimuliwa, na ule mwani ambao ndege hao huula hustawi katika maji makali. Wengi huenda Bogoria. Ukisimama ukingoni na kuona miti iliyokufa ikiwa imesimama majini, hutahitaji kitabu.


Mwongoza Wageni, Dunga

Mwalimu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Usiwapeleke watoto kuvuta magugu maji. Maji ya ukingoni yenye majani mengi ndiyo makao ya konokono wanaobeba kichocho, na mtoto anaweza kuambukizwa kwa kusimama humo dakika chache tu. Viboko pia hupita. Kisha, mmea huo hunyonya madini mazito kutoka kwenye maji machafu, kwa hiyo mboji yake, hasa ya magugu yaliyotolewa karibu na mifereji ya mji, ingefaa miche ya miti na maua kuliko mboga za kuliwa. Tena mbegu zake zinaweza kukaa kwenye tope takriban miaka ishirini zikiwa hai. Kano imejaa mifereji na mito, na kipande kimoja kilichoanguka njiani kinatosha kuanzisha msiba mpya. Tulianza kuyaona ziwani karibu na mwaka 1990 na hadi leo siku nyingine mashua zetu hukwama. Fuateni maua makech ya mzee.

Kuhusu matembezi, karibuni Dunga, kilomita chache tu kusini mwa katikati ya mji. Kinamasi chetu cha mafunjo ni mahali ambapo samaki wadogo hujificha na watu hukata mafunjo ya kusuka mikeka na vikapu, kwa hiyo watoto wataona viumbe na riziki kwa pamoja. Yuko ndege mmoja, gonoleki wa mafunjo, mwenye tumbo jekundu kama damu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, ambaye haishi mbali na mafunjo hata kidogo. Mafunjo yakikatwa yote, hana pa kwenda. Utamsikia kabla ya kumwona. Njooni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwani kufikia saa nne jua limekwisha kuwanyamazisha. Mkipanda mashua, kila mtoto avae boya, na nahodha asiyekuwa nayo ya kutosha mwacheni hata kama bei yake ni nzuri.

Walimu wengi huogopa kuleta darasa kwa kuwa hawajui majina ya ndege. Majina yasikuzuie. Waketishe watoto kimya kwa dakika kumi, kila mmoja akiwa na karatasi, achore alama ya msalaba katikati kuwa ndiye yeye, na kila sauti mpya anayoisikia aiwekee alama upande inakotoka. Mwishoni wanalinganisha karatasi. Nimewaona watoto wa Kisumu, waliozaliwa hapahapa, wakishangaa kwamba kulikuwa na sauti kumi na mbili.

Hata hivyo, msingoje safari. Mti wa uwanjani wenye viota vya kwera ni somo la muhula mzima: dume husuka, jike hukagua, na kiota asichokipenda hubomolewa au huachwa. Na kwa vile mvua ndiyo iliyokuharibia bustani mara mbili, wafundishe kuipima. Chukua chupa ya soda ya lita mbili, ikate mabegani, tia kokoto kwenye kitako ili isianguke, ongeza maji hadi mahali ambapo pande zake zimenyooka, hapo pawe sifuri, kisha geuza ile sehemu ya juu uipachike kama faneli na ubandike rula ubavuni. Iwekeni mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Isomwe saa tatu asubuhi, ndiyo saa ambayo wataalamu wa hali ya hewa nchini husoma vipimo vyao.


Mwalimu wa Kano, Kisumu

Asanteni sana, mzee wetu, dada wa Nakuru na ndugu wa Dunga. Jambo la mboga kwenda ofisini limenichoma, kwa sababu nilipolisoma nilikumbuka mfuko niliopeleka nyumbani mimi mwenyewe mwezi wa Julai. Sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

Nimezungumza na mwalimu mkuu. Amekubali kwamba wakosaji hawataletwa tena bustanini, ingawa alicheka akauliza sasa atawapeleka wapi. Tutaanza na kunde kwenye matuta, viazi vitamu katikati, nduma kwenye kona ya dimbwi, na magunia manne ya sukumawiki juu ya mawe ili mzee na dada wote wawili wapate haki yao. Dani wa mwanafunzi mmoja amekubali kuja, ila ameuliza kama atapewa chai.

Chupa ya mvua tumeitengeneza tayari. Nina swali moja: milimita hizo nitawafafanulia vipi watoto, ili zisibaki kuwa mistari ya rula?


Mwalimu Mstaafu, Shinyalu

Mpe chai, na maandazi.

Kuhusu milimita, ni rahisi kuliko unavyodhani. Mvua ya milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Pimeni kipande cha mita kumi kwa kumi cha bustani yenu. Ikinyesha milimita kumi usiku mmoja, hapo zimeshuka lita 1,000, ambazo ni mitungi hamsini ya lita ishirini. Waulize watoto wangapi wangehitajika kuibeba. Watakaa kimya, kisha mmoja atauliza kwa nini maji hayo yote mliyaacha yaende mtoni, na hapo utakuwa umeanza somo la kuvuna maji ya paa bila kuligusa.

Na mkipenda, mjukuu wangu wa Gredi ya 5 atapima huku. Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo tayarini kushindwa.


Mama wa Watatu, Nakuru

Sisi huku tunapata chini ya nusu ya hiyo mwaka ukiwa mbaya, lakini tutashiriki. Nimekata chupa jana usiku, mtoto wa mwisho akalia kwa sababu soda ilikuwa bado imo. Tuanze Jumatatu saa tatu, na kila Ijumaa jioni kila mmoja aandike hapa jumla yake ya wiki. Mwalimu wa Kano aongeze pia idadi ya mbuzi.